Adui Mwenye Sauti: Usomaji wa Mpakani wa Vita vya Wagiriki na Waajemi, kutoka Tambuka hadi Sikuda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini mbili za kale zinazohusu vita kati ya Wagiriki na jirani zao wa mashariki: tamthilia ya Aeschylus iitwayo Waajemi (472 K.K.) na Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali (1728). Swali la msingi ni hili: matini hizi zinamtendeaje adui, na zinamtendeaje mtu wa mpakani ambaye si mali ya upande mmoja? Makala yanadai kwamba Waajemi inampa adui huzuni bila kumpa hoja. Utendi wa Tambuka unampa adui hoja, lakini uzito wa huzuni unauweka upande mmoja. Na zote mbili zinamwacha nje mkaazi wa mpakani. Dai hili linapimwa kwa kuzingatia msomaji wa Sikuda, katika ukanda wa Busia na Tororo, mahali ambapo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na pia lugha ya bunduki. Mwishoni makala yanapendekeza namna matini za vita zinavyofaa kufundishwa wakati huu ambapo Uganda inapanua ufundishaji wa Kiswahili.

Istilahi muhimu: adui, mpaka, utendi, Wayunani, Waajemi, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Vita vya Wagiriki na Waajemi vimezoeleka kusimuliwa kama mwanzo wa mgogoro wa Magharibi na Mashariki. Tarehe zake zinajulikana: uasi wa miji ya Ionia kuanzia mwaka 499 K.K., Marathon mwaka 490 K.K., Thermopylae na Salamis mwaka 480 K.K., kisha Plataea na Mycale mwaka 479 K.K. Katika usimulizi huo, Mgiriki huwa ndiye “sisi” na Mwajemi huwa ndiye “wao”. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyesoma historia ya dunia kwa Kiingereza hupokea mgawanyo huo tayari umeshakatwa na kushonwa.

Kiswahili chenyewe, hata hivyo, hakikuurithi mgawanyo huo. Simulizi za Washirazi katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo, zinamweka Mwajemi katika nafasi ya babu. Sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, inahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Maneno bandari, pamba, rangi, bustani na serikali yana asili ya Kiajemi. Kwa upande wa pili, katika mojawapo ya tendi kongwe kabisa za Kiswahili zilizohifadhiwa kwa maandishi, adui mkuu ni Herekali, mfalme wa Warumi, yaani Heraclius wa Konstantinopoli, mtawala wa dola iliyozungumza Kigiriki. Kwa hiyo palipo na babu katika masimulizi ya Ulaya, fasihi ya pwani ya Waswahili imeweka adui. Na palipo na adui, imeweka babu.

Swali linalofuata ni zito zaidi. Gombolola la Sikuda, katika Wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda, halina babu katika Athens wala katika Shiraz. Kiswahili kinapoingia darasani humo kikiwa na urithi huu wote, kinamkaribisha mwanafunzi asimame upande gani?

2.0 Majina Matatu ya Mgiriki

Kiswahili kina majina matatu kwa watu hawa, na kila jina limebeba mtazamo wa aliyelitoa. Wagiriki ni jina lililopitia lugha za Ulaya kutoka Kilatini. Warumi, kwa maana ya tendi, ni jina la Kiarabu kwa raia wa dola ya Konstantinopoli. Wayunani, jina linalofahamika na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili, limetoka katika Kiarabu Yunan, na asili yake ni Ionia.

Jina hili la tatu linastahili kutazamwa kwa makini. Waionia walikuwa Wagiriki wa pwani ya Asia, ambayo leo ni magharibi mwa Uturuki. Waliishi chini ya mamlaka ya Waajemi, wakalipa kodi kwa mfalme, wakaasi, wakashindwa, na baadaye meli zao zikapigana Salamis upande wa Xerxes dhidi ya Wagiriki wenzao. Waajemi waliwaita Wagiriki wote Yauna, kwa kuwa hao wa mpakani ndio waliokuwa jirani zao. Mzungumzaji wa Kiswahili anaposema “Wayunani”, basi, analitaja taifa zima kwa jina la watu wake wa mpakani, kama walivyoonekana kutoka ng’ambo.

Kuna jambo la kufanana na hilo katika Kiswahili cha leo. Neno bodaboda lilizaliwa katika ukanda huu wa Busia na Malaba, kutokana na wito wa waendesha baiskeli waliovusha abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi nyingine. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka lilitamkwa mara mbili kwa ulimi wa wenyeji. Sasa linatumika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam na watu ambao hawajawahi kuufikia mpaka huo.

Sambamba na majina ya watu, yapo maneno ya kumtenga mgeni. Wagiriki walimwita asiyesema Kigiriki barbaros. Waarabu walimwita asiyesema Kiarabu ajam, na kutoka hapo Kiswahili kikapata Mwajemi. Kiswahili nacho kilijitengenezea lake: mshenzi. Katika karne ya 19, watu wa misafara kutoka pwani walilitumia kwa watu wa bara, huku mstaarabu akiwa yule aliyefuata mwenendo wa Kiarabu. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili unapofika Busia na Tororo hauna budi kulikumbuka hilo. Mwanafunzi Mteso, Msamia au Mjopadhola anafundishwa lugha ambayo, katika tabaka mojawapo la historia yake, ilimhesabu babu yake miongoni mwa washenzi. Hilo halikifanyi Kiswahili kuwa lugha ya lawama kuliko nyingine, kwa kuwa Kigiriki na Kiarabu zilifanya vivyo hivyo. Linamtaka mwalimu alifahamu neno kabla ya kuligawa.

3.0 Waajemi: Huzuni Isiyo na Hoja

Aeschylus alipigana Marathon. Miaka minane baada ya Salamis aliandika tamthilia ambayo mandhari yake yote ni Susa, katika kasri la adui. Hakuna Mgiriki anayesema jukwaani. Wazee wa baraza wanasubiri habari za jeshi. Mjumbe anafika na kueleza maangamizi. Mama wa mfalme anashauriana na mzimu wa Darius, mumewe. Na mwishoni Xerxes mwenyewe anarejea akiwa na mavazi yaliyochanika, akaomboleza pamoja na wazee.

Thamani ya tamthilia hii iko katika uamuzi huo wa mandhari. Watazamaji wa Athens, ambao mji wao ulichomwa na jeshi la Xerxes, waliketishwa wamsikilize mama wa Xerxes. Majina ya makamanda waliokufa yanatajwa moja baada ya jingine, kama yanavyotajwa majina ya marehemu matangani. Mshindi analazimika kumhesabia adui wafu wake.

Pamoja na hayo, sifa hii haipaswi kutolewa bila mipaka. Edward Said, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu mtazamo wa Ulaya juu ya Mashariki, aliitaja tamthilia hii kuwa mfano wa mapema wa Ulaya kusema kwa niaba ya Asia. Hoja yake ina uzito. Waajemi wa Aeschylus wanalia kwa namna ambayo Athens ingependa walie: wanakiri kwamba mfalme wao alivuka mpaka wa binadamu alipoifunga bahari kwa daraja la merikebu, na kwamba Wagiriki si watumwa wa mtu yeyote. Hawapewi sababu yao wenyewe ya kwenda vitani isipokuwa kiburi cha kijana na ushauri mbaya. Sauti wamepewa, ila maneno ni ya mshindi.

Kasoro hiyo inaonekana wazi zaidi tamthilia inapowekwa kando ya maandishi ya Waajemi wenyewe. Katika mwamba wa Behistun, Darius alichonga madai yake ya utawala kwa lugha tatu: Kielamu, Kibabeli na Kiajemi cha Kale. Katika mabamba ya udongo ya Persepolis, ambayo mengi yameandikwa kwa Kielamu, limo bamba moja la Kigiriki linalorekodi kiasi cha divai. Kwa mawasiliano ya kiofisi ya majimbo, dola ilitumia Kiaramu, lugha ambayo haikuwa ya watawala. Huyu adui ambaye jukwaani ni umati wa waombolezaji wasio na siasa alikuwa na sera ya lugha, na ofisi yake ilimwachia karani aandike hesabu kwa lugha ya Wayunani. Wanaoshauri kuhusu lugha ya mawasiliano ya Afrika Mashariki wana la kujifunza kwa Kiaramu: kilienea kwa sababu hakikumtaka mtumiaji awe Mwaramu.

4.0 Utendi wa Tambuka: Hoja na Mizani ya Huzuni

Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate na Mwengo bin Athumani kwa agizo la mtawala wa huko, na mswada wake una tarehe inayolingana na mwaka 1728. Una beti zaidi ya elfu moja. Kisa kinaanza kwa huzuni: Jafari, binamu ya Mtume na ndugu wa Ali, aliuawa Muta mwaka 629. Mtume anampelekea Herekali barua ya kumwita kwenye Uislamu, Herekali anakataa, majeshi yanakutana, Waislamu wanashinda.

Jambo la kwanza la kulitambua kihakiki ni kwamba Herekali anakataa kwa sababu. Hataki kuiacha imani aliyoirithi. Sababu hii ni nzito kwa msomaji yeyote wa Afrika Mashariki, kwa maana hoja ya kutotupa mila ya wazazi ndiyo iliyotumiwa na wengi walipoletewa dini, serikali na shule za wageni. Kwa jambo hilo moja, mtunzi wa Pate amemtendea adui wake haki ambayo Aeschylus hakumtendea Xerxes: amempa msimamo unaoweza kutetewa.

Jambo la pili ni mizani ya huzuni. Machozi yanayoanzisha kisa ni ya upande wa Jafari, na ushindi unaokifunga ni malipo ya machozi hayo. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa utendi wa vita, na hauwezi kuhesabiwa kuwa udhaifu wa ufundi. Unakuwa tatizo pale tu utendi unapofundishwa peke yake, kana kwamba utaratibu huo ndio sheria ya vita vyote.

Jambo la tatu, na ndilo kiini cha uhakiki huu, linahusu historia. Tambuka ni Tabuk, mji wa mpakani kaskazini mwa Arabia. Mwaka 630 jeshi la Waislamu lilifika huko, na halikukutana na jeshi la Warumi, vita havikupiganwa. Kilichofanyika ni mapatano. Jamii za mpakani, wakiwamo watu wa Ayla karibu na Aqaba ya leo, pamoja na Jarba na Adhruh, zilikubali kulipa kodi na zikapewa ahadi ya usalama. Mahali ambapo historia ina mkataba wa watu wa mpakani, utendi umeweka mapambano ya wafalme. Mtunzi alikuwa na haki ya kisanaa ya kufanya hivyo. Mhakiki naye ana wajibu wa kuonyesha kilichoondolewa ili nafasi ya vita ipatikane.

Kuna kishawishi cha kumsoma Herekali kama kivuli cha Mreno, kwa kuwa mwaka huohuo wa 1728 Wareno waliirudia Ngome ya Yesu, Mombasa, kabla ya kuondoshwa tena mwaka 1729. Usomaji huo unapaswa kufanywa kwa hadhari. Pate yenyewe ilikuwa na mapatano na Wareno wakati huo, dhidi ya nguvu ya Waomani. Utendi ulipomsifu aliyemshinda mfalme wa Kikristo, baraza la Pate lilikuwa likishauriana na manahodha wa mfalme wa Kikristo. Adui wa matini na jirani wa siasa si lazima wawe mtu mmoja.

5.0 Sikuda: Lugha ya Soko na Lugha ya Bunduki

Mpaka unaoitenganisha Busia ya Uganda na Busia ya Kenya haukuchorwa na waliokuwa wakiishi hapo. Hadi mwaka 1902 eneo kubwa ambalo sasa ni magharibi mwa Kenya lilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamishia katika himaya ya Afrika Mashariki, na mito kama Sio na Malaba ikawa sehemu ya mstari. Wateso na Wasamia wakajikuta pande zote mbili. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu ya ardhi ile irudi Uganda. Desemba 1987 majeshi ya Uganda na Kenya yalipambana Busia na mpaka ukafungwa. Februari 2018 marais wa nchi hizo walizindua Busia kituo cha pamoja cha forodha, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu. Hii ni historia ya Tambuka katika mpangilio wake halisi: tishio, makabiliano mafupi, kisha mapatano.

Nafasi ya Kiswahili katika historia hiyo ina nyuso mbili. Kimekuwa lugha ya soko, ya mizani, ya malori na ya bodaboda, kikikutana na Kisamia, Kigwe, Kiteso, Kijopadhola na Kiganda. Kimekuwa pia lugha ya jeshi tangu enzi za kikosi cha wakoloni cha King’s African Rifles, na mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa. Raia wengi wa Uganda walikisikia kwanza kwa mtu mwenye silaha. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kumbukumbu ya bunduki haiondolewi na maazimio hayo. Inaondolewa, ikiwa itaondolewa, na kile ambacho lugha hiyo inakisema darasani.

Ndipo uteuzi wa matini unapokuwa suala la sera. Utendi wa vita uliofundishwa bila ufafanuzi, katika lugha ambayo wazazi wa mwanafunzi wanaikumbuka kwa amri za askari, unaweza kuthibitisha hofu ileile. Wapo watakaojibu kwamba suluhisho ni kuuacha utendi huu na kuchagua matini za amani. Jibu hilo ni jepesi kupita kiasi. Kuuondoa ni kumnyima mwanafunzi wa bara urithi mkuu wa lugha anayofundishwa, na ni kumfanya mgeni wa kudumu katika nyumba aliyoalikwa. Wapo pia watakaosema kwamba utendi wenye msingi wa dini usomwe na waumini wake pekee. Lakini msomaji asiye Mwislamu anaweza kumwelewa Herekali anayeshikilia dini ya baba zake, na anaweza kumwelewa Mtume anayemlilia Jafari, bila kulazimishwa kuchagua.

Ukweli ni kwamba msomaji wa Sikuda ana faida ambayo wa Athens na wa Pate hawakuwa nayo: hadai babu upande wowote. Zaidi ya hayo, baadhi ya wahusika tayari anawafahamu kwa njia nyingine. Ahasuero wa kitabu cha Esta, ambaye wataalamu wengi humtambua kuwa Xerxes, na Koreshi aliyewaruhusu Wayahudi warudi kwao, ni majina ya kanisani na ya shule ya Jumapili. Mwajemi wa Aeschylus ni mfalme mwenye kiburi. Wa Ezra ni mfadhili. Wa Makunduchi ni babu. Mwanafunzi anayeziweka sura hizo tatu mezani kwa pamoja ameanza kazi ya uhakiki, na ameifanya kwa Kiswahili.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uchambuzi umeonyesha kwamba tamthilia ya Athens na utendi wa Pate zinakamilishana kwa kasoro zao. Moja inafundisha kumlilia adui, nyingine inafundisha kumsikiliza akitoa sababu. Zote mbili zimeandikwa kutoka miji mikuu, na mtu wa mpakani, awe Mwionia katika meli ya Xerxes au mkaazi wa Ayla mwenye hati ya usalama mkononi, hana nafasi ya kati ndani yake. Nafasi hiyo inaweza kujazwa na usomaji unaofanywa mahali kama Sikuda.

Kwa msingi huo makala yanatoa mapendekezo manne. Kwanza, Utendi wa Tambuka usomwe katika shule na vyuo sambamba na historia ya Tabuk, ili mwanafunzi aone tofauti ya vita vilivyotungwa na mapatano yaliyofanyika. Pili, njia iliyofunguliwa na Samuel Mushi alipoitafsiri tamthilia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode mwaka 1971 iendelezwe kwa tafsiri ya kufundishia ya Waajemi, ikiwa na utangulizi unaoweka maandishi ya Behistun na Persepolis kando ya jukwaa la Aeschylus. Tatu, Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala cha Uganda na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki washirikiane na walimu wa Busia na Tororo kukusanya masimulizi ya mpaka katika lugha za wenyeji na kuyachapisha kwa Kiswahili, pamoja na majina ya wasimulizi kwa ridhaa yao. Nne, maswali ya mitihani ya fasihi yasiishie kumtaka mtahiniwa aeleze ushujaa wa mshindi. Yamtake pia aeleze sababu za aliyekataa na hasara ya aliyeshindwa.

Pendekezo la nne ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote, na linaweza kutekelezwa katika mtihani ujao. Mwanafunzi aliyezoeshwa kumwandikia Herekali hoja yake kwa Kiswahili fasaha atakuwa ameitumia lugha hii kwa kazi ambayo askari wa mpakani hakuitumia: kumwelewa mtu aliyesema hapana.